Klabu ya makasia: mashua ya wanane imelala bandani

Swali: Wakuu, tangu Machi 2020, kwa sababu ya korona, mashua yetu ya wanane haijagusa maji. Umbali gani utaweka humo, na aliye nyuma anakuhemea kisogoni? Wanachama wameanza kugoma kulipa ada. Nyie mnafanyaje?

Jibu: Sisi tuligawana mashine za mazoezi, kila mtu na yake nyumbani. Jirani wa chini hanisalimii tena. Kilichotuokoa ni mashua za mtu mmoja. Wiki ya kwanza nilipinduka mara tatu, mimi niliyejiita mkongwe!

Jibu: Hata vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, Uingereza, havikufanya mashindano yao ya makasia ya kila mwaka 2020; 2021 vikahamia mji wa Ely, mbali na mto Thames vinakoshindania kwa kawaida. Ada punguzeni nusu.

Muulizaji: Mara tatu? Afadhali, mimi mbili tu.