Plastiki ya mto Ruzizi: tuweke vizuizi mtoni, au chupa ipewe konsinyi (amana unayorudishiwa ukileta chupa tupu)?

Wa Ibanda (anafungua mjadala; kila msemaji anaitwa kwa sehemu yake ya Bukavu): Mwaka 1990, kule Cornwall, Uingereza, watu wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao walichoka kuogelea katika maji ya vyoo, wakaunda Surfers Against Sewage. Hawakuishia kufagia pwani. Walidai wenye mabomba wawajibike, kisha wakaingia hata kwenye suala la chupa za plastiki. Leo kila bomba la kumwagia maji machafu wakati wa mvua katika England lina kipimo, ndiyo maana inajulikana kwamba mwaka 2023 mabomba hayo yalimwaga kwa jumla ya zaidi ya saa milioni 3.6. Sisi Bukavu, Kongo, tuna salongo (usafi wa pamoja wa mtaa), na mvua moja inarudisha kila kitu. Nguvu zetu ziende wapi? Mimi nasema mito yetu Kawa na Kahuha iwekewe vizuizi vya kuelea kabla haijaingia ziwa Kivu, ambako Ruzizi unatoka.

Wa Nguba: Nakubali, ila kizuizi kijengwe sawasawa. Kamba ya nailoni, bidoni za litri 20 zilizofungwa kabisa (moja hubeba kama kilo 19), na chini yake wavu wa kushuka sentimita 40. Usikikatishe moja kwa moja ng'ambo hadi ng'ambo. Kilaze mshazari, nyuzi 30 hivi na ukingo, takataka ziteleze zenyewe hadi upande mmoja ambako watu wanazivuta kwa reki. Kikikatishwa moja kwa moja, kinapinda katikati kama tumbo, takataka zinarundikana hapo na maji yanazisukuma chini ya wavu. Halafu, upande mmoja fungeni kwa kamba dhaifu kuliko nyingine zote. Mafuriko yakileta mgomba mzima, ikatike hiyo moja, kizuizi kifunguke kama mlango, tusikipoteze chote. Kuanzia Septemba hadi Mei kinasafishwa kila siku. Samaki wadogo wa sambaza huzalia karibu na ukingo wa ziwa, kwa hiyo kila gunia tunalozuia mtoni lina maana kwa wavuvi pia.

Wa Kadutu: Ndugu wa Nguba, kizuizi hicho kinakamata kinachoelea tu. Plastiki ya chupa ya maji ni nzito kuliko maji yenyewe. Chupa yenye kifuniko huelea kwa sababu ya hewa. Ikikosa kifuniko inajaa na kuzama. Sashe ni nyepesi, lakini ikishika udongo inashuka vilevile. Hizo zinapita chini ya wavu wako, na nyingine zinaishia kubana grili (vyuma vya kuzuia takataka) za bwawa la umeme la Ruzizi I. Maji hayafiki vizuri kwenye turbini, mashine inasimamishwa, tunaingia delestaji, umeme unakatwa kwa zamu.
Sasa tazameni kwenye kanivo (mtaro) yoyote ya Kadutu. Chupa za plastiki zimejaa. Chupa ya bia hailali pale hata saa moja, maana ina konsinyi: ukienda depo bila kasiye (kreti) na chupa tupu, unalipia chupa. Jibu tunalo nyumbani miaka yote.

Wa Muhumba: Dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikwisha kukataza masashe na vifungashio vya plastiki, na bado vinauzwa kila kona. Konsinyi itafaulu vipi? Na chupa zitakazovushwa kutoka Rwanda ili kuchukua pesa zetu?

Wa Kadutu: Katazo linahitaji askari kwenye kila duka. Konsinyi inahitaji mtu mmoja tu anayetaka pesa yake. Ujerumani wanatoza senti 25 za euro kwa chupa tangu 2003. Bila konsinyi, kilo moja ya plastiki ni chupa 50 hadi 100 za nusu litri. Nani atainama mara mia kwa kilo moja? Za kuvushwa zinazuiwa kwa alama kwenye etiketi: isiyo na alama hailipwi.

Wa Bagira: Hapo kwenye etiketi ndipo pagumu. Mvua inaibandua. Alama ichapwe kwenye chupa yenyewe, na isomwe kabla chupa haijapondwa, la sivyo moja italipwa mara mbili. Chupa za plastiki hazipangiki kwenye kasiye, mwenye kiduka atazihifadhi wapi? Hata Uingereza mambo si mepesi: mpango wa konsinyi wa Scotland ulianguka 2023, na sasa wamepanga kuanza Oktoba 2027. Tena sashe haipokei konsinyi. Kizuizi tutakihitaji tu.

Wa Ibanda: Basi tuanze na kupima. Wiki 4 kwenye daraja moja la Kawa: kila asubuhi pimeni uzito wa kinachotolewa, mkitenga chupa zenye kifuniko, zisizo nacho, masashe na mengineyo. Mkung'ute matope na maji kwanza, vinginevyo mnapima udongo. Andikeni kama usiku mvua ilinyesha. Mizani ya kuning'iniza ya sokoni inatosha. Wanaokaa karibu na daraja waseme ni asubuhi zipi watashika zamu.