Nimezoea CQ WW, sasa naingia 144 MHz: nibadilishe nini?

MitaKumi
Wakuu, salaam. Nipo Berlin, lokata (msimbo wa eneo kwenye ramani) JO62QM. Mashindano ya redio ya ridhaa kwenye HF (mawimbi mafupi) nayajua: CQ WW, yale ya dunia nzima ya saa 48, natoa "59 14" (ripoti ya usikikaji na namba ya kanda yangu), namwita anayefuata. Wikiendi ya kwanza ya Septemba nataka kuingia yale ya IARU (muungano wa kimataifa wa redio ya ridhaa) Kanda ya 1 ya 145 MHz, yaani bendi hiyohiyo ya 144, Jumamosi saa 14:00 UTC hadi Jumapili saa hiyohiyo. Nina redio ya wati 100, Yagi (antena ya kuelekeza) ya elementi 9 na mita 20 za kebo ya RG-58. Naambiwa watu wa HF wanakera huko. Wanakera kwa lipi?

Mlimani144
Karibu sana mkuu. Chanzo ni pointi. CQ WW kituo cha bara jingine ni pointi 3, awe anasikika vizuri au kwa shida, halafu unazidisha kwa kanda na nchi za kila bendi. Asiposikika mara ya pili unamwacha, wapo kumi wanaosubiri. VHF (masafa kama hayo ya 144 MHz) kilomita moja ya umbali ni pointi moja. Kituo kimoja cha kilomita 700 ni sawa na kumi vya kilomita 70, kwa hiyo hakuna anayekiachia.

Mtu akikuita kisha akazama, usirudi kwenye CQ (mwito wa jumla). Mwambie asubiri, sogeza antena kidogokidogo (Yagi yako ina upana wa digrii 40 hivi), kisha rudia taarifa zako polepole, herufi moja moja. Mawimbi yanayorudishwa na ndege hudumu sekunde chache, pengine dakika moja, kwa hiyo uvumilivu unalipa.

Kinachokera hasa ni hiki: mtu wa HF akishanakili upande wake anashukuru na kuondoka, wakati mwenzake bado hajapata lokata. Usiondoke mpaka nyote wawili mmethibitisha.

Jambo la pili ni kunakili. Ile "14" ya CQ WW programu inaijaza yenyewe kutokana na alama yako ya mwito. Huku kuna namba ya mfululizo na lokata ya herufi na tarakimu sita: "59 023 JO62QM". Wengi wamepanda milimani, hawapo kwenye lokata ya nyumbani, kwa hiyo ile iliyojazwa kutoka orodha ya mwaka jana inaweza kuwa na makosa. Ukiandika QN badala ya QM mawasiliano yote yanafutwa. Uliza "Quebec Mike?" (yaani Q na M) na usubiri jibu.

KoaksiaNene
Kabla ya adabu, ondoa hiyo RG-58. Kwa 14 MHz utavumilia, lakini kwa 144 MHz mita 20 zinakula desibeli 4 hivi: wati 100 zinafika juu zikiwa 40, na unachopokea kinapungua vilevile. RG-213, kebo nene zaidi, itakuachia karibu 70. Ukiweka kikuza mawimbi cha kupokelea, kiwe juu mlingotini, na relei yake igeuke kabla redio haijaanza kurusha, la sivyo kinaungua mara moja.

MitaKumi
Asante sana. Yagi yangu imesimama wima kwa ajili ya FM. Iko sawa?

KoaksiaNene
Hapana, ilaze. SSB (sauti) na CW (Morse) huku ni mlalo, na ukiiacha wima unaweza kupoteza hata desibeli 20.

Mlimani144
Nyongeza: usikae 144.300, masafa ya kuitana; ita kisha hama. Jumapili asubuhi wenye nguvu wote utakuwa umeshawapata, na hapo ndipo mtu wa HF anapozima redio. Usizime. Geuza antena kila dakika tano, taja uelekeo unapoita CQ, kisha pita taratibu kati ya 144.150 na 144.400 ukitafuta wanyonge, wale wenye mawimbi hafifu. Na logi (orodha ya mawasiliano yako) wanataka faili ya muundo wa EDI, si Cabrillo uliyoizoea HF.