Naomba ushauri: kuhamisha DVD zangu kwenda kwenye simu

Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana nimekwama. Nina DVD kama 20 nyumbani, 3 ni za harusi yangu ya 2009, moja ya msiba wa baba, zilizobaki ni muvi orijino nilizonunua dukani kwa hela yangu. Deki imeshakufa na laptopu yangu haina hata pa kuingizia diski, nikaazima ya jirani ili nizigeuze ziwe MP4 mama aweze kuziangalia kwenye simu.

Za harusi nilikuta folda la VIDEO_TS lenye mafaili ya VOB (ndo video zenyewe za DVD), kila moja karibu GB 1, nikayapitisha kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, yakatoka safi kabisa. Ya msiba ina mikwaruzo inaganda katikati, nimeifuta kwa kitambaa laini kuanzia kati kwenda pembeni bado inaganda, na hiyo ndo inaniuma zaidi maana sauti ya marehemu babu iko humo tu. Muvi mbili za nje zinatoa picha iliyovurugika, nimesoma eti zimefungwa kwa CSS, yaani kufuli ya kuzuia DVD isinakiliwe.

Sasa kwa wanaoijua Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hapa Tanzania, nikiifungua hiyo kufuli kwa diski niliyonunua mwenyewe na naangalia nyumbani tu, nakuwa nimekosa? Na video ya harusi haki ni ya yule mpiga video au ni yangu niliyemlipa, maana ndugu wanaomba niwarushie WhatsApp.

Na mwenye njia ya kuokoa diski ya msiba tafadhali anielekeze.