Tupeane uzoefu: siku timu ilipomuuza mchezaji uliyempenda katikati ya msimu

BabaWawili
Wakuu, habari za usiku. Nimetoka kuangalia ile mechi ya 7 ya fainali ya besiboli 2025, Dodgers wa Los Angeles na Blue Jays kule Toronto, iningi (zamu) ya 11, Dodgers wameshinda 5-4. Mpira wa mwisho umemfuata Mookie Betts wa Dodgers, akakanyaga beisi ya pili, akarusha beisi ya kwanza, wawili nje, kwisha kazi. Wenzangu kazini wanashangilia, mimi shabiki wa Boston nimekaa kimya maana huyo alikuwa wetu. Tulimuuza Februari 2020, na tangu atoke ameshachukua mataji matatu na hao hao Dodgers.

Lakini Betts angalau aliuzwa msimu haujaanza. Kinachoniuma zaidi ni Rafael Devers, mpigaji wetu wa Boston, naomba nikitoe kifuani.

15 Juni 2025, Jumapili, Siku ya Akina Baba. Nilimpeleka kijana wangu wa miaka saba Fenway, uwanja wetu wa Boston, mara yake ya kwanza. Nimetoka zamu ya usiku sijalala, nimeoga tu tukapanda treni. Jezi ya Devers namba 11 nilikuwa naiwekea hela tangu Machi, ile ya namba za kushona siyo za kubandika. Tunacheza na Yankees, mbili za kwanza tumeshawapiga. Devers anapiga homurani, mpira mpaka nje ya uwanja, mtoto kasimama juu ya kiti, karanga zote zimemwagikia mzungu wa mbele yetu, na yule mzungu wala hakununa, alimbeba mwanangu juu juu kama wake. Tukashinda 2-0. Njia nzima mtoto anaimba jina la Devers kwenye treni na watu wanamwitikia.

Tumefika nyumbani, mama yake anapakua wali, simu zinaanza. Devers kauzwa San Francisco. SIKU ILE ILE. Timu ilikuwa inaondoka kwenda Seattle na yeye wala hakuondoka nayo. Mtoto bado ana jezi mwilini, ina doa la tomato sosi kwenye ile 1 ya pili, akaniuliza "baba, kwani amefanya kosa gani?" Nikakosa jibu. Sababu naijua, walimsajili Bregman wakampa beisi ya 3 aliyokuwa analinda Devers, Devers wakamwambia aweke glavu chini awe wa kupiga tu, akanuna ila akakubali, halafu Casas wa beisi ya 1 alipoumia goti wakamwambia haya sasa nenda beisi ya 1, akagoma. Sasa hayo unayaelezaje kwa mtoto wa miaka saba? Mkataba wa miaka 10, dola milioni 313.5, hata mwaka wa pili haujaisha. Alilala na ile jezi na asubuhi mama yake akaikuta imekunjwa chini ya kitanda.

Karibuni wengine.

Nyanda_wa_Queens
Pole sana mkuu. Hiyo ya jezi imenichoma.

KahawaTungu
Pole kaka, ila Devers alipaswa kucheza anapopangwa. Analipwa hela yote hiyo halafu anachagua beisi? Mimi huku ghalani naambiwa leo forklifti, kesho kufunga mizigo, naenda.

BabaWawili
Ndugu yangu, mwenye nyumba ndiye aliyevunja ahadi kwanza. Huwezi kumleta mtu wa kukaa kwenye kiti changu bila kuniita tukae tuzungumze.

KahawaTungu
Haya, ila kazi ni kazi.

SokseNyeupe_Chi
Ninyi mnalia mchezaji mmoja. Mimi nimeishabikia White Sox ya Chicago ya 2024, vipigo 121, hakuna timu ya zama hizi iliyowahi kufungwa mara nyingi vile kwa msimu mmoja. 21 mfululizo! Ilikuwa inaanza Julai inaisha Agosti hatujaonja ushindi. Na katikati ya mvua hiyo wakawauza wachezaji wetu, wakamuuza Fedde, wakamuuza Kopech, wakamuuza Pham, yaani nyumba inaungua na wewe unauza ndoo. Nilienda uwanjani wiki ile peke yangu, jirani yangu wa kiti mzee mmoja anaandika kila mpira kwenye daftari lake kwa penseli, tumeshafungwa mbali lakini anaandika tu. Nikamuuliza unaandika nini sasa, akasema mwanangu, hata hizi zimechezwa. Sijamsahau yule mzee.

GhubaLaOakland
Mnaongelea kuuziwa mchezaji. Sisi wa Oakland A's tumehamishiwa TIMU. 26 Septemba 2024 nilikuwepo Coliseum, uwanja wetu, mechi ya mwisho, tuliwafunga Texas 3-2, watu wanachota udongo wa uwanja kwenye vikombe kama wa kaburini. Sasa wako Sacramento wanasubiri Las Vegas. Nina kikombe changu kabatini, mke wangu haruhusiwi kukigusa.

Nyanda_wa_Queens
Oakland wewe pole yako haina kipimo. Lakini na sisi Mets wa New York mtuhurumie. Katikati ya Juni 2025 tulikuwa na rekodi bora kuliko timu zote, ushindi 45 kwa vipigo 24. Ikakaribia siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji, 31 Julai, tukaleta Helsley na Tyler Rogers na Mullins, tukasema sasa tumekamilika. Helsley aliyekuwa mrushaji wa kumalizia mechi St. Louis, kwetu akawa kila akipanda kilima cha kurushia moyo unapanda naye. ERA yake kwetu (wastani wa pointi anazoruhusu kwa iningi tisa) 7.20!! Na siku ya mwisho ya msimu tukafungwa na Marlins 4-0, tukalingana na Reds 83 kwa 79, wakapita wao kwenda mchujo. Na Juan Soto wa mkataba wa dola milioni 765 tunaye.

PotomacKwetu
Umemtaja Soto umenigusa kidonda. Alikuwa wetu Nationals wa Washington, tumechukua naye ubingwa 2019 akiwa kijana anatimiza miaka 21 kwenye fainali zenyewe. Wakamwekea mezani milioni 440 akakataa, 2 Agosti 2022 wakampeleka San Diego. Lakini mimi nasema hadharani, tulifanya biashara nzuri. Tulipata Gore, Abrams na James Wood na wote watatu wameshaitwa kwenye mechi ya nyota.

Nyanda_wa_Queens
Biashara nzuri na kila mwaka mko mkiani? Kocha na meneja mkuu wote walitimuliwa Julai 2025.

PotomacKwetu
Na wewe uliye na Soto uliishia wapi? Si nyumbani na mimi tu tunaangalia Dodgers?

Nyanda_wa_Queens
Soto alipiga homurani 43 na kuiba beisi 38. Yeye siyo tatizo hata kidogo. Warushaji ndio wametuzamisha.

PotomacKwetu
Sasa milioni 765 si zingenunua warushaji?

HalimaNaperville
Jamani mkigombana naomba nichomeke yangu, sijawahi kuisimulia popote.

Julai 2021. Mchumba wangu mtu wa Mombasa ila kakulia Chicago, Cubs, timu ya Chicago, kwake ni kama ukoo. Baba yake alimfundisha Kiingereza kwa kusikiliza matangazo ya Cubs redioni, wakawa wanarudia maneno ya mtangazaji jikoni. Mwaka 2016 walipochukua ubingwa baada ya miaka 108 baba yake alikuwa hospitali, waliangalia wote, na mwezi uliofuata mzee akafariki. Kwa hiyo Rizzo, Baez na Bryant, wachezaji wa timu ile, kwake ni watu waliokuwepo kwenye kile chumba.

Sasa wazee wa pande mbili wamepanga kukaa kuzungumza mahari Ijumaa tarehe 30 Julai, baada ya sala. Alhamisi yake Rizzo kauzwa Yankees. Mwanaume hakulala lakini akaja, kanzu imenyooka, amekaa kwenye mkeka na mjomba wake na mshenga. Mimi niko chumbani na shangazi zangu tunachungulia kwenye upenyo wa mlango. Baba yangu anaanza kutaja kiwango. Pale pale simu ya mchumba inawaka juu ya mkeka karibu na sinia la pilau. Baez kaenda Mets. Akaigeuza simu kifudifudi. Baba anaendelea, anataja na dhahabu. Simu inatetemeka tena, akainua ukingo wake kidogo tu. Bryant kaenda San Francisco. Wote watatu ndani ya siku mbili hata hazijatimia.

Machozi yakaanza kumtoka. Si kulia kwa sauti, yanateremka tu mpaka kwenye kola ya kanzu. Chumba kizima kimya. Baba yangu akadhani analia mahari! Akasema kwa sauti nzito, "kijana, ukiona mzigo mzito sema, hatukulazimishi." Mjomba wake naye akafura, "mzee mwanetu si fukara." Mshenga anajaribu kupoza, wazee wangu wanaanza kuvaa makubadhi, shangazi ameshika kichwa. Mimi nikiwaza hii ndoa imeshakufa kwa ajili ya Kris Bryant.

SokseNyeupe_Chi
Halima usituache hapo!!

GhubaLaOakland
Dada malizia tafadhali. Nimesimamisha gari pembeni.

MtwanaWaLugazi
Nasubiri na mimi.

KahawaTungu
Mimi ningekuwa baba yako ningeongeza mahari. Mwanaume analia mpira mbele ya wakwe?

BabaWawili
@KahawaTungu hujasoma sehemu ya baba yake? Rudia.

HalimaNaperville
Nimerudi, mtoto aliamka. Nilitoka chumbani bila ruhusa, shangazi ananivuta khanga, nikasema mbele ya wazee wote, baba, huyu halii mahari, analia marehemu baba yake. Nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi. Baba yangu akakaa chini. Akauliza, "hao watatu wote wamewauza leo?" Mchumba akasema ndiyo mzee. Baba akanyamaza sana kisha akasema, "hawakubakiza hata mmoja wa kufunga duka?" Wakacheka wote, hata mjomba. Tukaoana Oktoba.

Nyanda_wa_Queens
Maa shaa Allah. Nimelia niko kwenye basi.

SokseNyeupe_Chi
Nampenda baba yako bila kumjua.

MamaWaSouthSide
Hongera dada Halima. Mimi wa mji huo huo ila nina la kusema kuhusu huo huo 2016, na nalisema kwa uchungu. 25 Julai Cubs walimleta mrushaji Chapman kutoka Yankees, wakamtoa kijana Gleyber Torres na wengine. Huyo Chapman msimu ule ule ligi ilikuwa imemfungia mechi 30 kwa kanuni ya ukatili wa nyumbani. Mimi nimetoka kwenye nyumba ya namna hiyo. Siku ya mechi ya 7 familia nzima imesimama kwenye sofa, mimi niko jikoni naosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Miaka 108 watu wamesubiri na mimi nilishindwa kutoka jikoni.

KahawaTungu
Lakini waendesha mashitaka hawakumfungulia kesi, na bila yeye Cubs hawachukui.

MamaWaSouthSide
Najua hakushitakiwa kaka. Adhabu ilikuwa ya ligi na aliitumikia. Nakueleza nilichokiona mimi kutoka jikoni. Na hiyo fainali Rajai Davis wa Cleveland alimpiga Chapman homurani iningi ya 8 wakasawazisha, kwa hiyo usiniambie ni yeye aliyeileta.

HalimaNaperville
Dada nakukumbatia. Nimeisoma kwa sauti mume wangu akasikia, naye kanyamaza.

MtwanaWaLugazi
Sisi wa Uganda tunaangalia upande mwingine, tunasubiri wetu afike huko juu kwanza. David Matoma yuko kwenye timu za ligi ndogo za Pirates wa Pittsburgh, anarusha moto. Akifika ligi kuu hata wamuuze mara kumi nitamfuata kila timu. Mwafrika wa kwanza kufika alikuwa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, na Pirates hao hao, 2017, zamu yake ya kwanza kabisa ya kupiga akapiga akafika beisi.

PotomacKwetu
Kwa wanaotaka kupoa, someni habari ya Wilmer Flores wa Mets. 29 Julai 2015 mashabiki wanaona kwenye simu kauzwa Milwaukee, yeye yuko uwanjani anacheza, anajifuta machozi na mkono wa jezi. Biashara ikavunjika usiku ule ule. Siku mbili baadaye akatufunga SISI kwa homurani ya iningi ya 12. Iliniuma kama shabiki wa Nationals lakini nilisimama kumpigia makofi.

Nyanda_wa_Queens
Hapo umenena ndugu yangu. Yale ya Soto nimeyasamehe.

GhubaLaOakland
Ushauri kwa wenye watoto: msinunue jezi yenye jina. Nunua ya timu tupu.

SokseNyeupe_Chi
Nunua ya mstaafu. Mstaafu hauzwi.

KahawaTungu
Nunueni Agosti dirisha likishafungwa.

GhubaLaOakland
Betts aliuzwa Februari.

BabaWawili
Wakuu nashukuru kwa wote, sikutegemea. Swali la mwisho maana krismasi inakuja. Kijana anataka jezi ya Roman Anthony, kijana wetu wa Boston, namba 19. Kasaini Agosti 2025 miaka 8, dola milioni 130. Nimnunulie?

HalimaNaperville
Mnunulie kaka.

PotomacKwetu
Devers alikuwa na mkataba wa miaka 10.

MamaWaSouthSide
Mnunulie. Na ile ya 11 usiitupe.

BabaWawili
Ya 11 ipo, mama yake aliifua, doa halikutoka. Ya 19 nimeshaiagiza sasa hivi, saizi mbili juu ili akue nayo.