Mjadala: Faili moja kufunguliwa mara mbili kwenye RPG (lugha ya programu ya IBM), ruksa au marufuku?

Chumbageni (mleta mada): Shikamooni wakubwa. Kuna saccos hapa Tanga, hesabu zake bado ziko kwenye AS/400 (kompyuta ya biashara ya IBM). Programu inapitia faili la wanachama kwa READ (kusoma rekodi moja baada ya nyingine), na kwa kila mkopaji inachungulia akiba za mdhamini wake. Mdhamini naye ni mwanachama, yumo humohumo. Mwanachama 20 akidhaminiwa na 500, CHAIN (amri ya kuifuata rekodi kwa namba yake) inahamisha kishale, yaani alama ya mahali ulipofika, hadi 500. READ inayofuata inaanzia hapo, na wote wa katikati wamerukwa. Ikiwa 500 ndiye kadhaminiwa na 20, programu inazunguka mpaka uiue. Dawa ni kulifungua faili mara mbili, milango miwili kila mmoja na kishale chake. Mkaguzi kakataa katakata. Semeni.

Ngamiani: Mkaguzi yuko sahihi. Karani akikosea akaweka namba ya mkopaji kwenye nafasi ya mdhamini, mlango wa kwanza umeshika rekodi, wa pili unaitaka hiyohiyo. Programu inajisubiri yenyewe! Kwa kawaida sekunde 60, kisha hitilafu 1218 (rekodi imefungwa).

Chumbageni: Nani kasema wa pili uandike? Wa pili ni wa kusoma tu, haushiki kufuli:

`dcl-f WANACHAMA usage(*update) keyed;`
`dcl-f WADHAMINI usage(*input) keyed extdesc('WANACHAMA') extfile(*extdesc) rename(MWREC:MDREC) prefix(MD_);`

Raskazone: Marahaba kijana. Hiyo PREFIX, inayoweka MD_ mbele ya majina ya sehemu za rekodi, usiisahau hata kwa bahati mbaya. Bila hiyo, AKIBA ya faili zote mbili ni kigeu kimoja (nafasi moja ya kumbukumbu). Unamsoma mdhamini, unarudi kufanya UPDATE kwa mkopaji, na akiba za mdhamini zinaandikwa kwa mkopaji. Kompaila haitasema neno, maana kwake hakuna kosa. RENAME, inayobadili jina la muundo wa rekodi, ukiisahau itakugomea, afadhali. Sisi enzi za RPG III tulielekeza jina kwenye faili halisi kwa amri ya OVRDBF, na kilichotusumbua ni SHARE(*YES): mtu kaiweka kwenye faili, milango miwili inageuka mmoja, kishale kimoja. Hilo lipo mpaka leo, likague.

Makorora: Mnajitesa bure. Tumia SQL (lugha ya kuulizia data), unganisha faili na lenyewe kwa namba ya mdhamini, kwisha.

Raskazone: Kwa ripoti, sawa. Hii inasahihisha rekodi moja moja na ina miaka mingi kazini. Nani atakayeiandika upya, wewe?

Ngamiani: Kusoma tu nakubali. Ila mwisho wa mwezi mkopaji akishindwa kulipa, akiba za mdhamini zinakatwa. Hapo mlango wa pili lazima uandike.

Chumbageni: Nalinganisha namba mbili kabla ya CHAIN. Zikifanana, siendi, namwandika kwenye orodha ya makosa.

Ngamiani: Na wawili waliodhaminiana, karani mmoja akiwa kwa huyu na programu yako kwa yule, kila mmoja anasubiri rekodi ya mwenzake?

Chumbageni: Kazi ya mwisho wa mwezi inaanza makarani wakishatoka, kaka.

Ngamiani: Makarani wa wapi hao wanaotoka kwa wakati tarehe 30?