Mishumaa miwili mbele ya televisheni

Kikundi: Ukoo wa Kikwajuni na Wete

Nassor, saa 3:40 usiku
Assalaam alaykum nyote, na wazee wangu nawaamkia. Kwa kuwa Ami Hamad ameuliza mara mbili ni makelele gani aliyoyasikia jana alipompigia simu Bibi, naona ni bora niyaeleze hapa kwa pamoja, tena kwa sentensi zilizokamilika, kama alivyotuamuru siku aliyotukataza vifupisho. Makelele yale yalikuwa ya Maryam. Ile Wii, mashine ya kuchezea michezo ya video kwenye televisheni, aliyotuletea Salum ndani ya pipa la nguo tumeifungua, na miongoni mwa diski zilizokuwamo tumeanza na Dead Space: Extraction, mchezo wa kutisha ambao mchezaji hulenga shabaha kwa kuielekeza rimoti kwenye televisheni kama aliyeshika bastola. Una sura kumi. Tumeucheza kwa usiku mara tatu, baada ya Isha, na bado tumo katika sura ya tatu, kwa hiyo ninayoyasema ni ya mtu aliyeonja tu.

Ami Hamad, saa 3:52 usiku
Waalaykum salaam, marahaba. Nimefarijika kwamba hakuna aliyeumia. Lakini nieleze jambo moja ambalo limenikaa kichwani: rimoti hiyo haina waya, na televisheni ya Bibi ni ile ile ya kichogo iliyokuwapo nilipohamia Wete. Televisheni hiyo imejuaje mkono wa Maryam umeelekea wapi?

Salum, saa 3:58 usiku
Shikamoo Ami. Televisheni haijui kitu chochote. Kamera ndogo imo puani mwa rimoti yenyewe, na kile kijiti cheusi kinachowekwa juu ya televisheni, ambacho watu wengi hudhani ndicho kinachotazama, ni taa tupu: tano upande huu na tano upande ule, zinazotoa mwanga ambao macho yetu hayauoni. Rimoti inaviona vile vituo viwili vya mwanga, inapima vimekaa wapi machoni pake, na kwa hesabu hiyo inajua imeelekezwa wapi. Nassor, ukitaka kuthibitisha, tazama kijiti kwa kamera ya simu. Kwa simu nyingi utaona taa zake zinawaka zambarau.

Nassor, saa 4:03 usiku
Hapo ndipo penye kisa. Kijiti chetu hakiwaki hata kwa kamera ya simu, kwa sababu panya wa Kikwajuni waliutafuna waya wake usiku wa kwanza tu. Nilikuwa nimekata tamaa, mpaka nikakumbuka kwamba moto nao hutoa mwanga wa aina hiyo hiyo. Nikachukua mishumaa miwili ya Bibi, nikaisimamisha kwenye visahani mbele ya televisheni, baina yao shubiri moja, na wallahi kishale kikatokea kwenye kioo na kunifuata mkono!

Ila mshumaa una masharti yake. Feni lazima izimwe, kwani upepo ukiuyumbisha moto, na kishale huyumba. Kwa hiyo mjue tulivyokaa: ukumbi umefungwa, taa imezimwa, feni imezimwa, jasho linatutiririka, mbele yetu mishumaa miwili kama ya mganga, na katikati yake maiti wanaotambaa. Sidhani kama waliotengeneza mchezo huu waliwahi kuukusudia uchezwe hivyo, lakini mimi sitaki tena kijiti kipya.

Maryam, saa 4:09 usiku
Ami, shikamoo. Naomba nijitetee, kwa sababu Nassor anasimulia kana kwamba nilipiga kelele kwa kumwona mdudu. Viumbe wa mchezo huu nilishawazoea usiku wa pili. Ni maiti waliogeuka, mikono yao imekuwa kama mapanga, na kuwapiga risasi ya kichwa hakusaidii sana. Dawa yao ni kukatwa mikono na miguu. Silaha unayopewa hasa ni chombo cha kukatia miamba, kwani hadithi inaanzia kwa wachimbaji wa sayari iitwayo Aegis VII. Ukiishika rimoti kawaida, mkato huenda upande mmoja. Ukikilaza kiganja, kama mtu anayegeuza ufunguo mlangoni, mkato nao unageuka. Hilo nililipenda mno. Kiumbe anakuja, unamtazama mguu, unageuza kiganja, unakata, anaanguka. Mkono unajifunza wenyewe kabla ya akili.

Kilichonipigisha kelele ni kingine. Nilipita mahali nikaokota kitu kinachofanana na kinasa sauti, na mimi nikadhani sauti itatoka kwenye televisheni kama nyingine zote. Ikatoka mkononi mwangu! Rimoti ina spika ndogo ndani yake, na sauti ya mtu aliyejaa hofu ilianza kuzungumza humo kiganjani, hafifu, yenye mikwaruzo, kama simu ya masafa ya zamani. Nikairusha. Ilimpita Nassor sikioni ikaupiga ukuta, na kifuniko cha betri mpaka sasa hakijaonekana.

Salum, saa 4:13 usiku
Maryam, ule mkanda mdogo unaoning'inia si pambo, vaa mkononi. Hukuanza wewe. Wii ilitoka Novemba 2006, na Disemba ya mwaka ule ule Nintendo ililazimika kubadilisha mikanda ya rimoti inayofikia milioni 3.2, kwa kuwa ile ya mwanzo ilikuwa inakatika na rimoti zikaruka hadi kwenye vioo vya televisheni za watu.

Mama Mdogo Rukia, saa 4:15 usiku
Mimi mnisamehe, habari za spika na mikanda nitazisoma kesho. Nassor, juu ya boksi la mchezo huo pameandikwa namba gani? Maana Idi amerudi kwangu jana kutoka kwa Bibi yake, na asubuhi amekataa kwenda chooni peke yake.

Nassor, saa 4:21 usiku
Mama Mdogo, pameandikwa 18. Nakiri kosa. Tulimpa ruhusa akae kwa dakika chache za mwanzo kwa kuwa mwanzo wake ni mazungumzo matupu. Watu wanatembea, wanaongea, wanalalamikia kazi, na mimi mwenyewe nilikuwa karibu kusinzia. Damu ilipoanza tulimtoa, lakini inaonekana alibaki nyuma ya pazia.

Mama Mdogo Rukia, saa 4:22 usiku
Ndiyo maana pazia likaitwa pazia. Kuanzia leo akija huko mashine hiyo ifungwe kabatini na ufunguo akae nao Bibi.

Ami Hamad, saa 4:30 usiku
Hukumu imepita, na naiunga mkono. Sasa nirudi kwenye mchezo wenyewe, kwani mtu aliyefundisha skuli kwa miaka mingi haachi jambo katikati. Nassor, wewe ulikuwa mpenzi wa michezo hii tangu ulipokuwa unatoroka kwenda kuicheza Michenzani. Huu unauonaje ukiuweka kando ya mingine, na je, ni hofu ya kweli au ni kushtuliwa tu?

Nassor, saa 4:44 usiku
Ami, nitajibu kwa kuanza na aibu ya mchezo. Hutembei mwenyewe. Mchezo ndio unaokutembeza, unakugeuza shingo, unakupandisha ngazi, na wewe kazi yako ni kulenga na kuokota risasi kabla macho hayajahamishwa kwingine. Tena waliotengeneza wameitikisa picha ili ionekane kama mtu anayekimbia kweli, na utikisikaji huo umezidi. Maryam usiku wa kwanza alishikwa na kichefuchefu kama aliyemo kwenye boti ya Pemba mwezi wa Julai. Kasoro nyingine ni ile bunduki ya kupigia misumari ya chuma, ambayo risasi zake hazimaliziki. Mtu anayejua kwamba hawezi kuishiwa, ataogopa nini?

Pamoja na hayo, jana tulifika mahali taa zote zimezimika, na hapo nikabadili mawazo yangu. Unapewa kijimwanga fulani cha kijani, na ili kiwake inakubidi uitikise rimoti. Kinawaka, unaona mita chache za njia, kisha kinaanza kufifia taratibu, na unatikisa tena. Sasa fikiri: mkono unaotikisa taa ndio huo huo unaolenga. Ukitikisa, shabaha imekupotea. Ukituliza mkono ulenge, giza linarudi. Nilikuwa nasikia kitu kinaburuzika kushoto, nikatikisa, sikuona kitu, nikalenga, kikafifia, nikatikisa tena, na kilikuwa kimeshafika mbele ya uso wangu. Katika michezo mingine mwanga ni kitufe unachokibonyeza ukasahau. Huu umeuweka mwanga na silaha katika mkono mmoja ukakuachia uchague, na mimi kila mara nilichagua vibaya.

Ami Hamad, saa 4:50 usiku
Hiyo naifahamu bila ya kuwa na mashine. Ni tochi ya betri zilizochoka, ambayo inabidi uipigepige kwenye paja ndipo iwake, na wakati unaipiga ndio wakati usioona njia.

Maryam, saa 4:55 usiku
Ndiyo hiyo hiyo, Ami. Ila kuhusu kutembezwa sikubaliani na Nassor hata kidogo. Ninapotembea mwenyewe katika michezo mingine, nikiogopa husimama, narudi nyuma, najificha chumbani mpaka moyo utulie. Huku siwezi. Naona mlango ambao sitaki kabisa kuupita, na miguu ambayo si yangu inanipeleka. Mtu aliyeshikwa mkono akaongozwa gizani huogopa kuliko anayepapasa mwenyewe, kwa sababu anayepapasa ana hiari ya kusimama.

Tena kuna jambo la sura ya kwanza ambalo Nassor hakulisema, nami nitalisema kwa kuwa humu hakuna mwingine atakayeucheza, Salum ameshaumaliza. Unaanza ukiwa mfanyakazi mmoja, Sam Caldwell, katika kundi linalohamisha ile nguzo ya ajabu iliyochimbuliwa. Wenzako wanaanza kurukwa na akili, wanakujia, nawe unawapiga kujihami. Mwisho wa sura anatokea mtu anakupiga wewe, na unapohamia katika macho ya mtu huyo, Nathan McNeill, ndipo unapofahamu kwamba aliyerukwa na akili ulikuwa wewe. Mimi niliwalenga watu wale kwa mkono wangu, nikageuza kiganja, nikafurahia shabaha. Nilipofahamu, niliiweka rimoti mkekani nikaenda kunywa maji.

Nassor, saa 4:57 usiku
Ni kweli. Na mimi nilikuwa nampongeza.

Salum, saa 5:06 usiku
Nilipokuwa nikiucheza London ulipotoka, Septemba 2009, nilikuwa peke yangu chumbani na taa zote zimewashwa, na bado hilo la Caldwell lilinikera siku mbili. Miezi michache baadaye, Disemba, umeme ukakatika Unguja nzima hadi Machi 2010, na kila nikimpigia Bibi alikuwa ananiambia wapo gizani. Sikuweza kuugusa tena mchezo ule wakati huo wote. Niliona kama ninalifanyia mzaha giza la nyumbani. Ndiyo maana diski imekufikieni haina mikwaruzo.

Naongeza ushauri mmoja wa manufaa: Nassor, usinunue diski za Kimarekani hata ukizipata kwa bei ya karanga, kwani mashine hii ni ya Uingereza na itazikataa. Na mtu akikuuzia mashine ya Kimarekani, adapta yake ni ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu, hiyo itakuwa hofu ya aina nyingine.

Ami Hamad, saa 5:15 usiku
Nimekaa nikiwaza maneno ya Maryam. Mwaka 1995, ilipoenea habari ya popobawa, jini linalosemwa kuwavamia watu usiku, hapa Pemba kabla haijavuka kuja huko Unguja, watu wazima tulilala nje makundi kwa makundi, moto umekokwa, na kila aliyechelewa kurudi alitazamwa mara mbili na majirani zake. Hakuna hata mmoja wetu pale uani aliyekiona kitu. Kilichotutisha zaidi, ukiniuliza mimi leo, ni kutazamana sisi wenyewe kwa mwanga ule wa moto. Basi aliyeuandika mwanzo wa mchezo wenu amejua kitu. Hiyo bunduki isiyoishiwa misumari mwambieni hapana.

Nassor, saa 5:18 usiku
Tumekubaliana mimi na Maryam kwamba kuanzia kesho hatutaigusa bunduki hiyo, hata tukifa.

Maryam, saa 5:24 usiku
Bibi yupo kando yangu, nimemsomea yote tangu mwanzo, na amecheka sana aliposikia ya Ami kulala nje. Anasema niandike hivi kama alivyotamka: "Nassor, mishumaa yangu ya kungojea umeme ukikatika ilikuwa pakiti mbili nzima. Imebaki mingapi?"

Nassor, saa 5:31 usiku
Imebaki miwili, Bibi.

Maryam, saa 5:32 usiku
Anauliza miwili pakiti au miwili mishumaa.