Vigogo wa chama Marekani: wana nguvu ya kumpitisha mgombea, au ni kelele tu?

Msaka Habari:
Wakuu, salaam. Naomba kueleweshwa, maana kila nikidhani nimezielewa kura za mchujo za Marekani, zile za kila chama kumpata mgombea wake wa urais jimbo kwa jimbo, zinanigeuka.

Mwaka 2016 Jeb Bush alikuwa na kila kitu: baba rais, kaka rais, wazito wa Republican nyuma yake, na kamati iliyomkusanyia zaidi ya dola milioni 100 kabla kura ya kwanza haijapigwa. Februari tu akafungasha virago. Halafu 2020, upande wa Democratic, Joe Biden akawa wa nne Iowa, wa tano New Hampshire, majimbo yaliyotangulia kupiga kura, hela hana, watu wameshamzika kisiasa. Ikapigwa South Carolina, na siku tatu baadaye kila mtu anajua yeye ndiye mgombea. Wanasema vigogo walimbeba.

Sasa hawa vigogo wana nguvu au hawana? Na kama wanayo, 2016 ilikwenda wapi?

Nyundo ya Mwisho:
Usihangaike mkuu. Wanaoamua ni wenye fedha na wale wajumbe maalumu, wakubwa wa chama wanaoingia mkutano mkuu bila kutokana na kura za wananchi. Bernie Sanders, aliyeshindana na Hillary Clinton upande wa Democratic, alinyang'anywa 2016 mchana kweupe, barua pepe za makao makuu ya chama zikavuja, mwenyekiti Debbie Wasserman Schultz akatangaza kujiuzulu mkutano mkuu ukiwa mlangoni. 2020 wakamrudia tena. Kura za mchujo ni za kuwatuliza watoto.

Bi Sauda:
Nyundo, punguza moto ndugu yangu. Barua pepe zilivuja, na zilionyesha kwamba maofisa wa chama hawakumpenda Sanders. Hilo halina ubishi. Lakini Clinton alimzidi kwa zaidi ya kura milioni tatu, na kwa wajumbe waliotokana na kura hizo, wale wanaompitisha mgombea kwenye mkutano mkuu, alipata 2,205 dhidi ya 1,846. Waondoe wajumbe maalumu wote, zaidi ya 700, waende zao nyumbani. Bado ni Clinton.

Kilichouma ni jinsi hesabu zilivyotangazwa. New Hampshire Sanders alishinda kwa zaidi ya pointi 20, akapata wajumbe 15, Clinton 9. Vyombo vya habari vikamwongezea Clinton wajumbe maalumu sita, zikasomeka 15 kwa 15. Mtu umeshinda hivyo halafu unaambiwa sare! Ndiyo maana 2018 chama kikawaondolea wajumbe hao kura ya duru ya kwanza kwenye mkutano mkuu, labda kama mshindi ameshajulikana. Kwa hiyo 2020 huwezi kuwatwika lawama.

Mzee wa Columbia:
Msaka Habari, niko South Carolina tangu enzi za Bush mdogo, naendesha lori kati ya Columbia na Charleston, na vituko vyote viwili unavyovitaja vilipita mbele ya macho yangu. Iacheni Washington kwanza, tulitazame jimbo hili moja.

Februari 2016, upande wa Republican. Gavana Nikki Haley, mtu anayependwa, anajitokeza siku tatu kabla ya kura anamuunga mkono Marco Rubio. Seneta Tim Scott naye yuko kwa Rubio. Seneta wa pili, Lindsey Graham, yuko kwa Jeb Bush. Naibu gavana Henry McMaster, mtu wa chama tangu zama za Reagan, keshajitenga na wenzake yuko kwa Trump. Vigogo wanne wa jimbo moja, wagombea watatu! Kura zikahesabiwa: Trump kama asilimia 32, Rubio 22, Ted Cruz naye 22, Bush hakufika 8 na usiku uleule akajitoa.

Sasa wengi wanaishia hapo, wanasema wananchi waliwapuuza wakubwa. Kanuni ndiyo wanayoisahau. Kwa Republican wa hapa, anayeongoza jimbo zima na kila wilaya ya uchaguzi anazoa wajumbe wote. Theluthi moja ya kura ilimpa Trump wajumbe wote 50. Theluthi mbili waliochagua wengine hawakuambulia hata mjumbe mmoja. Machi ikaja Florida, Trump akazoa wajumbe 99 kwa mpigo, tena nyumbani kwa Rubio. Kila mpinzani wa Trump alikuwa anamsubiri mwenzake ajitoe, na kwa kanuni kama hizo kusubiri kunagharimu.

Njoo Februari 2020, upande wa Democratic. Huku zaidi ya nusu ya wapiga kura wa mchujo ni Wamarekani weusi, na mkubwa wao ni mmoja, Jim Clyburn, mbunge wa miaka mingi. Tarehe 26 alisimama North Charleston akasema anamjua Joe, na la muhimu zaidi, Joe anatujua sisi. Ghalani ninapopakia mizigo kuna mama wa makamo anayeshughulikia makaratasi, wiki nzima alikuwa anayumba kati ya Biden na Tom Steyer, yule tajiri ambaye matangazo yake yalitujaa masikioni. Kesho yake nikamuuliza amefikia wapi. "Clyburn kasema," akanijibu, akaendelea kugonga mihuri. (Mimi sikuwa na uraia bado, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kusikiliza tu.) Jumamosi Biden akapata karibu nusu ya kura zote, Sanders wa pili hakufika asilimia 20.

Lakini msiseme Clyburn alimtengenezea Biden watu. Biden aliongoza kura za maoni za hapa karibu muda wote, uongozi huo ndio ulikuwa umeanza kuyeyuka. Yule mama alikuwa wake tangu mwanzo, alitaka kuhakikishiwa tu kwamba hapotezi kura.

Kazi ya vigogo hasa ilianza Jumapili. Mgombea mwenzake Biden, Pete Buttigieg, akajitoa, Jumatatu mwingine, Amy Klobuchar, akafuata, na jioni hiyohiyo wote wawili wakawa Dallas wanamnadi Biden. Jumanne Kuu, siku majimbo mengi yanapopiga kura kwa pamoja, Biden akachukua majimbo 10 kati ya 14, ikiwemo Minnesota ya Klobuchar na Massachusetts ya mgombea mwingine, Elizabeth Warren. Na kwa ndugu yangu Nyundo anayesema ni fedha: mgombea tajiri Michael Bloomberg alitumia zaidi ya dola milioni 900, akashinda eneo dogo la American Samoa peke yake.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba wanayo nguvu, lakini si ya kumfanya mtu apendwe. Nguvu yao ni kukubaliana mapema nani abaki na nani apishe, na 2016 Republican hawakukubaliana.

Nyundo ya Mwisho:
Mzee wangu, umeeleza vizuri halafu umenipa ushindi. Buttigieg alitoka mbele kwa wajumbe Iowa. Mtu kama huyo anajitoa vipi siku mbili kabla ya Jumanne Kuu kama hakuna simu iliyopigwa?

Mzee wa Columbia:
Simu sibishi, wanasiasa wanaishi kwa simu. Ila angalia na hesabu. Kwa Democratic wajumbe hugawanywa kwa uwiano, na usipofika asilimia 15 hupati kitu. Hapa Buttigieg alipata kama 8. Angeenda Jumanne kwenye majimbo ya kusini kufanya nini? Hata simu isipolia, hiyo hesabu anaiona.

Na vigogo wenyewe hubadilika. 2024 Haley aligombea dhidi ya Trump hapa nyumbani kwake. McMaster, sasa gavana, yuko kwa Trump. Graham yuko kwa Trump. Tim Scott, ambaye Haley mwenyewe ndiye aliyemteua kuwa seneta, yuko kwa Trump. Haley akapata kama asilimia 40 na akashindwa. Trump, yule mtu wa nje wa 2016, ndiye chama chenyewe sasa, na safari hii wakubwa wa jimbo walikuwa upande mmoja.

Msaka Habari:
Aisee, hilo la Scott sikulijua. Basi 2028 nitazame nini, orodha ya wanaomuunga mkono nani?

Bi Sauda:
Tazama kalenda. 2024 Democratic waliiweka South Carolina mbele kwa matakwa ya Biden, jimbo lililomwokoa. New Hampshire wakagoma, sheria yao inataka wawe wa kwanza, wakapiga Januari 23. Jina la Biden halikuwepo kwenye karatasi, watu wakaliandika kwa mkono na akashinda. Wakigombania tarehe namna hiyo ujue tarehe ina thamani.

Mzee wa Columbia:
Na kwa Republican ongeza kanuni ya kila jimbo ya kugawa wajumbe, kabla hujatazama picha za magavana jukwaani. Orodha ya majina itazame mwishoni, na ukiitazama usihesabu ni wangapi, angalia kama wa jimbo moja wamesimama na mtu mmoja.